Asipewe Kazi Mpaka Ajue Kusoma

Risiti ya umeme wa luku ina upande mmoja mtupu, na mimi nina tabia ya kuandika ratiba kwenye upande huo. Mume wangu anasema ni ugonjwa. Nampangia mtoto saa ya kuoga na saa ya kusoma, najipangia na mwenyewe saa ya kutoka Tabata ili foleni ya Buguruni isinikute, halafu risiti inapotelea chini ya friji na maisha yanaenda yanavyotaka. Ugonjwa huu najua nilikoupata. Niliupatia Kenya, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya Wamethodisti, nilipokuwa na miaka 14. Sijawahi kuiandika hiyo shule. Naiandika sasa kwa sababu kuna jambo limetokea humu ndani mwezi huu, jikoni, na limenirudisha kule moja kwa moja.

Jina la shule naliweka kapuni. Iko Meru, na Meru shule zenye mkono wa Methodisti ni nyingi, kwa hiyo hata ukibahatisha utakosa. Nina malalamiko nayo, nitayasema mbele, na sitaki mtu awapigie simu walimu wazee waliokwisha kustaafu na kulima kahawa zao.

Hapa Dar ukimwambia mtu umesoma kwa Wamethodisti anakuuliza kama ndio Wasabato. Simlaumu. Tumezoea Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, na makanisa mapya yanayofunguliwa kila mtaa wenye turubai. Wamethodisti wapo, lakini ni wachache, huwezi kuwaona kama hujawatafuta. Nyumbani kwetu hakukuwa na hata mmoja. Baba ni Mwanglikana wa Muheza, mama ni Mlutheri wa Upareni, na sisi watoto tulikuwa watu wa kanisa lolote lililo karibu na nyumba ya kupanga. Ilikuwaje basi nikapelekwa nchi nyingine kwa watu ambao hata jina lao tulikuwa tunalitamka vibaya?

Ilianza na mama kuniangalia.

Nilikuwa darasa la saba, tunakaa Magomeni. Mama si mtu wa hotuba. Wiki moja nzima alinifuata kwa macho tu, kimya, mpaka nikadhani nimefanya kosa. Asubuhi kabla ya shule nilikuwa napanga foleni ya maji kwa jirani mwenye bomba. Mchana nilikuwa kituoni, nakimbizana na daladala ambazo makondakta wake wakiona sare wanaweka mkono mlangoni: "Denti wawili tu, wengine subirini!" Nilikuwa nafika nyumbani jua linazama. Kaka zangu wawili wanakwenda tuisheni, mimi nachambua mchele. Baada ya kula wao wanakaa mezani na madaftari, mimi niko uani na vyombo. Nikimaliza, umeme umekatika au usingizi umenishinda. Jumamosi ni kufua, Jumapili ni kanisa na kupiga pasi sare za watu watatu.

Jumapili ile usiku nilimsikia mama akimwambia baba chumbani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imekwisha: "Huyu mtoto hana hata saa moja ya kwake."

Baba angeweza kusema basi kaka zake waoshe vyombo. Hakusema. Mama naye hakusema. Mpaka leo nikilifikiria hilo huwa nacheka peke yangu: ilionekana rahisi zaidi kumvusha mtoto mpaka wa nchi kuliko kumpa mvulana sifongo. Lakini baba alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na kulikuwa na Mkenya mmoja waliyekuwa wanafanya naye kazi, mabinti zake wanasoma Meru kwa Methodisti. Miaka ile watu wengi wa mjini walikuwa wanawapeleka watoto Kenya na Uganda. Nafasi za sekondari za serikali kwetu zilikuwa chache, na Kiingereza cha Wakenya kilikuwa kinatutia wazimu. Wenzangu waliofaulu vizuri walikwenda Jangwani, Zanaki, Kisutu. Mimi Januari 2001 nilikuwa Ubungo saa kumi na moja alfajiri, nimekalia tranka la bati la kijani lililotoka kwa mafundi wa Gerezani, rangi yake bado inanata.

Ndani ya tranka: shuka mbili, blanketi moja, sweta moja, ndala, ndoo iliyofungiwa ndani ya kanga, mche mzima wa sabuni ambao mama aliukata vipande sita kwa uzi, korosho, na chupa ya pilipili ya kusaga. Sweta moja. Mama alizaliwa milimani lakini alikwisha kusahau baridi.

Safari yenyewe nitaipita haraka, kila aliyepanda basi la Nairobi anaijua: Chalinze, Segera, Mombo mnashuka kula, milima ya Upare inakufuata upande wa kulia masaa, Moshi, Arusha, Namanga usiku na vidole vinatetemeka kujaza fomu. Tulilala Nairobi kwa mwenyeji wa baba. Kesho yake Embu, Chuka, kona na mito, na upande mmoja wa barabara Mlima Kenya umejifunika.

Nilifika mchana. Kengele ya kwanza niliyoisikia ilikuwa kipande cha chuma cha reli kimening'inizwa kwenye mti, na msichana mmoja anakigonga kwa nondo. Nilikuja kujua kwamba kile chuma ndicho kilichokuwa mkuu wa shule. Yule mama aliyekuwa na ofisi alikuwa msaidizi wake tu.

Kililia saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Saa kumi na moja na nusu uko darasani, prepo ya asubuhi, yaani kujisomea, saa nzima, hakuna mwalimu, hakuna kuongea. Uji. Usafi. Mstarini. Masomo kuanzia saa mbili. Michezo jioni. Chakula saa kumi na mbili. Prepo ya usiku saa moja mpaka saa tatu na nusu. Saa nne taa zinazimwa, na kiranja anapita na tochi kuhakikisha umelala kweli, kana kwamba kuna mtu angekuwa na nguvu ya kufanya kitu kingine.

Piga hesabu. Lisaa limoja asubuhi, masaa mawili na nusu usiku. Masaa matatu na nusu kila siku, yangu, ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuniita. Wiki ya kwanza sikujua niyafanyie nini. Nilikaa na kitabu wazi nasikiliza kama kuna mtu ataniambia njoo ubandike chai.

Wasichana wa Kenya walilalamika kuhusu kile chuma usiku na mchana. Mimi nililalamika pamoja nao ili nisionekane mshamba. Moyoni nilikuwa nakipenda.

Ni mwalimu wetu wa dini aliyetueleza kwamba hilo jina lenyewe, Methodisti, lilianza kama kejeli. Mwaka 1729 hivi, pale Oxford, Uingereza, kulikuwa na kikundi kidogo cha wanafunzi kilichokuwa na ndugu wawili, John na Charles Wesley. Walipanga kila kitu kwa saa: saa ya kusali, saa ya kusoma, siku ya kufunga, siku ya kuwatembelea wafungwa. Wenzao wakawacheka, wakawaita watu wa utaratibu, na jina likaganda. John Wesley alipokuwa mtu mzima aliamka saa kumi alfajiri na kuhubiri saa kumi na moja. "Kwa hiyo nyinyi," mwalimu akasema, "mnalazwa sana." Charles yeye aliandika nyimbo, zaidi ya elfu sita. Nadhani tuliimba zote. Jumapili jioni tuliimba kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa Kimeru ambacho nilikiimba miaka minne bila kujua nasema nini, sauti ya pili, na mpaka leo ubeti wa kwanza wa mmojawapo unanitoka nikiwa naosha gari.

Lakini aliyeniingia akilini si hao ndugu. Ni mama yao.

Susanna Wesley alizaa watoto kumi na tisa, wakakua kumi. Mume wake alikuwa mchungaji wa Epworth, mji mdogo wa huko Lincolnshire, Uingereza, na alikuwa mtu wa madeni. Susanna aliwafundisha watoto nyumbani, wa kike na wa kiume, masaa sita kwa siku: saa tatu asubuhi mpaka saa sita, saa nane mpaka saa kumi na moja. Mtoto akitimiza miaka mitano, kesho yake anakaa kujifunza herufi, na siku hiyo nyumba nzima inatulia kwa ajili yake. Wengi walizimaliza herufi zote siku hiyohiyo. Mwaka 1732, John alipomwomba amweleze alivyowalea, alimwandikia barua ya kanuni zake, na mojawapo ilikuwa hii: msichana yeyote asifundishwe kazi mpaka awe amejua kusoma vizuri sana. Kazi aliyoisema ni ya kushona na ya nyumbani. Akaongeza kwamba kuwawahisha watoto sindano kabla ya kusoma ndiyo sababu hasa wanawake wengi hawawezi kusoma kwa namna inayosikilizika.

Nilipoisikia hiyo nilikuwa kidato cha pili. Niliona kama yule mama alikuwa amesimama uani kwetu Magomeni, ameshika kiuno, anaangalia lile beseni la vyombo.

Sasa, nisikudanganye kwamba kanuni hiyo ndiyo iliyojenga shule za misheni. Shule nyingi za mwanzo za wasichana Afrika ziliwafundisha kushona, kufua na kupika ili wawe wake wazuri wa walimu na wainjilisti, na kusoma kukaja kama kitoweo. Kanisa la mwana wa Susanna lilisahau barua ya Susanna mara nyingi. Hata kwetu, mwaka 2001, sayansi kimu ilikuwa na chumba chenye jiko zuri kuliko maabara ya fizikia.

Historia ya kanisa tulifundishwa kama orodha ya wanaume wanaopanda milima. Ludwig Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa Rabai, ndiye aliyewashawishi Wamethodisti wa Uingereza waje pwani. Mwaka 1862 Thomas Wakefield akafika, na misheni ikaanzishwa Ribe, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Wenzake aliokuja nao wakaondoka mmoja baada ya mwingine kwa maradhi, akabaki peke yake mpaka Charles New alipokuja kumsaidia. New mwaka 1871 akapanda Kilimanjaro mpaka kwenye theluji. Hapo darasa zima likanigeukia. "Bongo, mlima wenu huo." Bongo ndilo lilikuwa jina langu. Nikajibu kwamba ndiyo, na kwamba wasijaribu tena kuuweka kwenye kalenda za kwao.

Rebecca, mke wa Wakefield, alitajwa kwa sentensi moja: alifia Ribe mwaka 1873. Niliuliza alikuwa anafanya nini hapo Ribe. Mwalimu alifikiri kidogo akasema, "Alikuwa mke wake." Halafu tukaendelea na 1912, mwaka ambao kazi ilifika Meru.

Nimekuja kuwajua wanawake wengine ukubwani, kwenye simu, nikiwa nimekwama foleni. Harriet Wrigley alifika Cape Coast, Ghana ya leo, mwaka 1836 na mume wake, akawakusanya wasichana akaanza kuwafundisha. Alifariki mapema 1837. Ile shule aliyoianza haikufa naye. Leo ni Wesley Girls, moja ya shule zinazogombaniwa sana Ghana. Lagos wana yao tangu 1879. Singapore, Sophia Blackmore, dada wa Australia asiyeolewa, alianza mwaka 1887 na watoto wachache wa Kitamili, na alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza akina mama wa Kichina wawatoe mabinti zao nje, maana msichana mkubwa alikuwa anafungiwa ndani mpaka aolewe.

Ninayempenda zaidi ni Isabella Thoburn wa Marekani. Alifungua shule yake Lucknow, India, mwaka 1870, kwenye chumba kimoja cha soko la Aminabad, wasichana sita. Watu wa mtaani hawakutaka. Basi mlangoni akasimamishwa kijana mwenye rungu la mianzi, alinde, humo ndani watoto wanasoma. Kile chumba kilikuja kuwa chuo. Mimi huwa namfikiria zaidi yule kijana. Anasimama juani na rungu lake, nyuma yake sita wanasoma a, e, i. Alijua kusoma yeye? Alikuwa anasikiliza?

Ngoja nirudi Meru, niseme na mabaya.

Baridi kwanza. Julai maji ya ndoo alfajiri yalikuwa yanakata kama wembe, na mimi na sweta langu moja. Tulijifunza "kuoga pasipoti", yaani uso, kwapa na miguu. Mlo ulikuwa githeri. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi, nikasema kumbe wana makande! Nikala kijiko kimoja. Makande yana nazi, jamani, yana kitunguu, yana mtu aliyeyafikiria. Ile ilikuwa mahindi na maharage yaliyochemshwa mpaka yakakata tamaa. Chupa ya pilipili ya mama ndiyo iliyonipa marafiki; kijiko kimoja cha pilipili kilikuwa na thamani ya kuletewa maji ya moto kutoka jikoni. Ilipoisha, mwezi wa tatu, nikagundua ni nani walikuwa marafiki wa kweli. Walibaki wawili, mmoja wa Chuka na mmoja wa Isiolo.

Kidato cha kwanza kule wanaitwa mamono. Kwetu ungesema njuka. Mono anatandika kitanda cha mkubwa, anachota maji ya mkubwa, anaimba juu ya meza akiambiwa. Haya yalinisumbua kidogo tu, nilikwisha kuwa mono wa kaka zangu kwa miaka saba.

Kilichoniuma ni diski. Kilikuwa kipande cha mbao kilichotobolewa, kina kamba, ukisikika unaongea lugha isiyo Kiingereza siku za wiki unavishwa shingoni, na unakaa nacho mpaka umkamate mwingine umvishe. Jioni majina ya wote waliokivaa yanasomwa. Mwaka ule nilioingia ndio Kenya walipopiga marufuku viboko mashuleni, nikajiona nimeokoka maana nilitoka kwenye bakora za Magomeni. Lakini ubunifu haukuisha: waliosomwa walikata nyasi za uwanja kwa fyekeo au walichimba kisiki. Wenzangu walivishwa kwa Kimeru. Mimi nilivishwa kwa Kiswahili, na kwa sababu nilikuwa nakiota, nakisali na kukipigia chafya, nilikivaa karibu kila siku muhula wa kwanza. Mwalimu mmoja alinisimamisha mstarini na diski kifuani, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini sijifunzi. Nikajibu, "Samahani, mwalimu." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilikata nyasi wiki mbili.

Walinipa masaa matatu na nusu kwa siku, wakanidai ulimi. Huo ndio mkataba nilioishi nao, na sijawahi kuamua kama bei ilikuwa halali. Najua tu kwamba niliporudi Ubungo likizo ya kwanza, mama aliniuliza safari ilikuwaje, na nikakaa kimya sekunde mbili nikiangalia nyuma yangu kabla sijajibu.

Kuna kitu kingine, na wakati ule nilikiona bila kukiona. Jiko la shule lilikuwa nyuma ya bwalo. Mmoja wa wapishi alikuwa mama mwenye binti wa rika letu. Jioni, sisi tukiwa tunakwenda prepo na madaftari kifuani, yule binti alikuwa amekaa kwenye gogo mlangoni mwa jiko, anachambua maharage ya kesho kwenye ungo. Maharage ya wasichana mia kadhaa. Alikuwa anatusalimia. Tulikuwa tunamwitikia. Miaka minne. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza jina.

Nilimaliza 2004, nikarudi na tranka lilelile, limebonyea. Sasa nina mume, nina mtoto wa miaka sita, nina kazi ya ofisini Posta, na nina dada wa kazi.

Ana miaka 20, ametoka Singida. Alifaulu darasa la saba. Alianza kidato cha kwanza 2019, na ada haikuwa tatizo, maana serikali ilishafuta ada ya sekondari zake tangu 2016. Bibi yake akaanguka, akavunjika nyonga. Nyumba ilikuwa na watu wengine, wakiwemo wajomba wawili wenye afya, lakini aliyerudishwa kumgeuza bibi na kumchotea maji alikuwa yeye. Alisoma muhula mmoja. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi bibi alipofariki alisema, "Saa zilikuwa zimeshapita, Mama." Alimaanisha umri. Mimi nikasikia nilivyosikia.

Kila jioni saa moja na nusu nakaa sebuleni na mwanangu, tunasoma. Nimejiwekea sheria, saa hiyo haguswi na mtu: hatumwi dukani, hachukui simu ya baba, hatoi sahani. Najiona mama wa maana. Jikoni dada anaosha vyombo. Mwezi huu, Jumatatu moja, tulikuwa kwenye hadithi ya kobe na nikapaliwa, nikanyamaza ili nikohoe. Bomba la jikoni likafunguka. Nikaanza tena kusoma. Bomba likafungwa.

Sikusema kitu. Nikajaribu tena: nikanyamaza, maji yakatiririka, nikasoma, yakakatika. Mtoto akanivuta mkono, "Mama, endelea." Nikaendelea, lakini nilikuwa nasoma kwa sauti kubwa kidogo, kama mjinga, nasomea ukuta. Usiku nikafungua daftari la mtoto la hesabu. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na kujumlisha kwa mwandiko usio wake, mdogo, uliobanwa pembeni kama mtu anayekaa kwenye ukingo wa kiti cha watu. Zote zilikuwa sahihi.

Kesho yake nikamwambia kuna QT, mtihani wa maarifa. Akiufaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hakuruka kwa furaha, usidhani. Alikuwa anakunja nguo. Aliuliza, "Na mtoto?" Nikasema tutapanga. Akaendelea kukunja, akasema, "Mama, usinitoe kazini lakini." Ikabidi nikae chini nimweleze tena, polepole, kwamba simfukuzi.

Kituo cha kusomea nimekipata, hapahapa Tabata. Masomo ni saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, Jumatatu mpaka Alhamisi. Gari la shule linamshusha mwanangu saa nane na nusu. Nilimpigia mama Magomeni kumwomba ushauri. Akacheka sana, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikutoa nchini, wewe unashindwa kumtoa mtu jikoni?" Halafu akasema mgongo unamuuma, Tabata ni mbali, hawezi kuja kila siku.

Mume wangu alisikiliza yote kwa utulivu. Ni mtu mwema. Akasema, "Basi tutafute binti mwingine wa kusaidia mchana."

Nikamuuliza huyo mwingine atasoma saa ngapi. Akaniangalia. Nikamwambia kwa kuanzia, vyombo vya usiku ni vyake. Akasema sawa, na nimeandika kabla hajabadili mawazo.

Risiti iko mbele yangu hapa, imeshikiliwa na kikombe. Saa kumi na moja alfajiri, dada, kusoma. Yeye ndiye aliyeichagua, mimi nilimpangia saa kumi na mbili. Saa moja na nusu usiku, dada na mtoto, sebuleni. Vyombo, baba. Ijumaa kufua, wote. Jirani wa ghorofani amekubali Jumanne na Alhamisi, kwa sharti nimfundishe mwanawe Kiingereza Jumamosi. Jumatatu na Jumatano, saa nane na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu, bado hazina mtu.